Kurekebisha Kidatu cha Matarumbeta ya Zamani: Mwongozo kwa Bendi na Kwaya za Nyambureti

Kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti unaotokana na idadi ya mitetemo ya hewa katika sekunde moja, ndicho kinachoamua kama ala mbili zitapigwa pamoja bila kukwaruzana, na katika ala za shaba zilizoundwa miongo mingi iliyopita ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya waimbaji na wapiga vinanda. Ala zinazohusika ni zile ambazo nchini Tanzania huitwa kwa jumla matarumbeta: tarumbeta yenyewe, korneti ambayo ni fupi na nene kidogo kwa umbo, tromboni, yufoniamu na tuba. Mwongozo huu umezingatia hali ya kwaya na bendi za kata ya Nyambureti wilayani Serengeti, pamoja na majirani zao wa Tarime, mahali ambapo fundi wa ala za shaba ni adimu na kumfuata hadi Mwanza kuna gharama, kwa hiyo inafaa bendi yenyewe ijue kazi gani inaweza kuifanya kwa mikono yake na kazi gani isiiguse kabisa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ala ya zamani inayopishana na kinanda inaweza kuwa nzima kabisa. Ala hizi ziliingia Afrika Mashariki kwa njia kuu mbili, ya kijeshi na ya kanisa. Njia ya kijeshi ilipitia bendi ya Sultani wa Zanzibar, bendi za askari wa Kijerumani na baadaye za King's African Rifles, jeshi la Waingereza, na ndiyo iliyozaa ngoma za beni zilizoanza pwani katika miaka ya 1890 na kuenea bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Njia ya kanisa ilipitia hasa Walutheri wa Kijerumani, yaani misheni ya Leipzig iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 na misheni ya Bethel iliyofanya kazi Usambara na, kuanzia mwaka 1910, Bukoba, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria. Wajerumani na Waingereza hawakuwa na kidatu kimoja, na hata baada ya miaka mia moja tofauti yao bado imo ndani ya mabomba.

Kipimo kinachotumiwa leo karibu duniani kote, kwamba noti A iliyo juu ya do ya kati iwe na mitetemo 440 kwa sekunde (mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi), kilikubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939 na kuthibitishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1955. Kabla ya hapo Ufaransa ilikuwa imeweka hezi 435 mwaka 1859, na mkutano wa Vienna wa mwaka 1885 ukakiunga mkono kipimo hicho, ilhali bendi za Uingereza zilishikilia kidatu cha juu cha takriban hezi 452. Jeshi la Uingereza liliachana nacho mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini bendi za kiraia za shaba ziliendelea nacho hadi katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Boosey & Hawkes iliposimamisha uundaji wa ala za namna hiyo. Huko Marekani viwanda viliunda ala za vidatu viwili, na baadhi yake zimegongwa muhuri wa herufi HP kwa kidatu cha juu, ambacho kwao kilifika hezi 457, au LP kwa kidatu cha chini. Muhuri huo, pamoja na jina la kiwanda na namba ya ala, ndio unaofaa kutafutwa kwanza kwenye domo, yaani sehemu pana inayotolea sauti, na kwenye pistoni ya pili.

Ili tofauti hizi zipimike, wanamuziki hugawa nusu-toni moja katika sehemu mia, na kila sehemu huitwa senti. Kutoka hezi 440 hadi 452 kuna karibu senti 47, kwa maneno mengine karibu nusu ya nusu-toni. Kutoka 440 kushuka hadi 435 kuna senti 20. Na ala ya Marekani ya hezi 457 iko juu kwa takriban senti 66. Sikio la kawaida huanza kukereka tofauti ikizidi senti 10 hivi kati ya ala mbili zinazoshikilia noti moja, hivyo mtu asishangae korneti nzuri ya Kiingereza ikisikika kama imeharibika mara tu kinanda kinapoanza.

Kupima kunahitaji programu ya kupimia sauti kwenye simu ya mkononi, iliyowekwa kwenye hezi 440, na watu wawili. Mpigaji aipashe ala joto kwa kupuliza polepole kwa dakika kumi, asukume ndani bomba kuu la kuteleza, yaani kile kipande cha umbo la U kinachovutwa ili kurefusha njia ya hewa, kisha apige noti ndefu huku akiangalia pembeni na mwenzake akisoma simu na kuandika. Sharti la kutoangalia simu lina sababu yake, kwani midomo ya mpigaji mzoefu huifuata sindano bila yeye kujua, na kipimo kinachopatikana kwa njia hiyo humsifu mpigaji kuliko kinavyoeleza ala. Zipimwe noti zote zisizobonyezwa pistoni, kisha zile za pistoni ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu peke yake, na mwisho zile za kuunganisha pistoni mbili na tatu.

Karatasi ikishajazwa, sura ya namba huonyesha ugonjwa ulipo. Noti zote zikiwa juu au chini kwa kiasi kinachokaribiana, tatizo ni la kipimo cha ala nzima. Zikiharibika zile tu zinazotumia pistoni fulani, tatizo liko kwenye pistoni hiyo au bomba lake. Zikiyumba ovyo, moja juu, nyingine chini, nyingine ikikataa kutoka, ala inavuja, imebonyea au imeziba kwa uchafu.

Kuna namba mbili zinazostahili kutajwa peke yake kwa sababu hupoteza fedha za bendi bure. Ala ikipishana na wenzake kwa senti 200 kamili, yaani toni nzima, chanzo chake karibu kila mara ni namna ya kusoma nota. Katika utaratibu wa bendi za Kiingereza, mpigaji wa tarumbeta ya B bemoli huandikiwa C na ala hutoa B bemoli, ilhali vitabu vya matarumbeta ya kanisa vya Kijerumani huandika sauti ile ile inayosikika, hivyo mpigaji aliyefundishwa Bukoba au Machame huko Kilimanjaro na mwenzake aliyefundishwa na mstaafu wa bendi ya polisi wanaweza kusoma karatasi moja na kutoa sauti mbili. Tofauti hiyo hakuna fundi anayeweza kuilehemu. Namba ya pili ni senti 100 chini. Korneti na tarumbeta nyingi za zamani zilitoka kiwandani na kipande cha ziada au kibadilishio cha kuishusha ala kutoka B bemoli hadi A, na kipande hicho kikiachwa mahali pake ala hubaki chini kwa nusu-toni miaka nenda rudi bila mtu kujua kwamba kinachotakiwa ni kukichomoa tu.

Kabla ya kugusa chochote, joto nalo lihesabiwe. Mwendo wa sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na kwa ala ya kupulizwa hiyo ni kama senti 3. Ibada ikianza asubuhi kwenye nyuzi 16 na kuendelea hadi jua limepiga bati na ndani kumefika nyuzi 28, hesabu ya vitabuni inatoa senti 36, ingawa kwa kweli badiliko huwa dogo zaidi kwa sababu pumzi ya mpigaji hupasha hewa iliyomo. Kinanda cha umeme hakijali baridi wala joto, na ndiyo maana malalamiko ya ibada ya kwanza huwa kinyume cha yale ya ibada ya pili. Mwinuko, kwa upande mwingine, usisingiziwe: Nyambureti, kama Mara yote, iko juu zaidi ya Ziwa Viktoria ambalo lenyewe liko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, lakini wepesi wa hewa ya mwinuko haubadilishi mwendo wa sauti ikiwa joto ni lile lile. Mpigaji wa iritungu, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Wakuria, hana shida hii hata kidogo, maana yeye huzungusha nyuzi kwenye mti wa juu mpaka zifuate koo la mwimbaji, na hakuna mkutano wa London unaomhusu.

Ikithibitika kwamba ala ni ya kidatu cha juu, kuna njia tatu, na iliyo nafuu kuliko zote ndiyo inayosahaulika zaidi. Vinanda vingi vya umeme vina kipengele cha kubadilisha kidatu cha kinanda chote kwa hezi moja moja au chini ya hapo, na baadhi hufika hezi 453. Bendi yenye ala tano au sita zilizotoka katika seti moja ya Kiingereza, ambazo zenyewe kwa zenyewe zinapatana, haina haja ya kukata wala kuunga bomba lolote: kinanda kipandishwe hadi 452, kwaya iimbe juu kidogo bila kujua, na kazi imekwisha. Njia hii ina kasoro moja, kwamba siku mgeni atakapokuja na ala ya kisasa atakuwa yeye ndiye aliye chini, na yeye hana pa kusukuma bomba lake zaidi.

Njia ya pili ni kuvuta mabomba. Tarumbeta au korneti ya B bemoli ina njia ya hewa yenye urefu wa takriban mita 1.45, na kuishusha kwa senti 47 kunahitaji kuongeza takriban sentimita 4 za njia hiyo. Kwa kuwa bomba la kuteleza lina miguu miwili, kulivuta kwa sentimita 2 kunatosha. Yufoniamu, ambayo ni ndefu mara mbili, huhitaji kuvutwa takriban sentimita 4, na tuba ya B bemoli kama sentimita 8, kiasi ambacho mabomba mengi hayana. Lakini kosa linalofanywa na wengi ni kuvuta bomba kuu na kuishia hapo. Kila pistoni inapobonyezwa huunganisha bomba lake dogo kwenye njia ya hewa, na mabomba hayo yalikatwa kwa uwiano wa ala fupi, hivyo ala ikirefushwa nayo hayana budi kurefuka kwa uwiano ule ule. Kwa tarumbeta, bomba la pistoni ya pili livutwe kiasi cha milimita moja, la kwanza milimita mbili na nusu hivi, na la tatu milimita nne. Namba hizi ni za kuanzia tu. Sikio na simu ndivyo vitakavyomalizia.

Njia ya tatu ni kuongeza kipande cha kudumu, kama zilivyofanyiwa ala nyingi huko Uingereza baada ya miaka ya 1960. Fundi hutengeneza bomba kuu jipya lenye miguu mirefu zaidi, au hulehemu vipande viwili vyenye kipenyo sawa cha ndani kwenye miguu yote miwili, na bomba la zamani hutunzwa ndani ya sanduku. Kipenyo cha ndani kisiachwe na ngazi wala mwanya, kwa sababu ngazi hiyo huharibu noti kadhaa huku ikirekebisha nyingine. Ala iliyo chini ya kipimo, kwa mfano ile ya hezi 435, inaweza kufupishwa kwa kukata miguu ya bomba kuu, na kwa tarumbeta ni chini kidogo ya sentimita moja kwa kila mguu, lakini shaba iliyokatwa hairudi, na tofauti ya senti 20 mara nyingi huondoka kwa kubadilisha kipulizio, yaani kile kikombe kidogo kinachowekwa midomoni, au kushusha kinanda. Ukataji ufikiriwe baada ya yote mengine kushindikana.

Kipulizio chenyewe hupotosha kidatu kuliko inavyodhaniwa. Mkia wa kipulizio cha korneti ni mwembamba kuliko wa tarumbeta, na yufoniamu nyingi za zamani za Boosey & Hawkes zina tundu la kipimo cha kati ambalo mkia mwembamba hulala ndani yake kupita kiasi na mkia mnene huishia njiani. Mkia ukiingia mno, ala hupanda na noti zake za juu hupoteza mpangilio. Ukiingia kidogo mno, hushuka. Jaribio rahisi ni kuzungushia mkia utepe mmoja wa karatasi nyembamba, kupiga na kupima, kisha kuongeza au kupunguza utepe; karatasi ikileta nafuu, bendi itakuwa imejua kipulizio cha kutafuta kabla ya kutoa hata shilingi.

Hata ala mpya kabisa ina kasoro moja ya asili ambayo haipaswi kuhesabiwa kuwa ubovu. Pistoni ya kwanza hurefusha njia kwa asilimia 12 hivi, ya pili kwa asilimia 6, ya tatu kwa asilimia 19, na kila moja ikiwa peke yake hutosha. Zikiunganishwa, urefu wa jumla hupungukiwa, kwa sababu bomba la pistoni lilipimwa kwa ala fupi na sasa linaongezwa kwenye ala iliyokwisha kurefuka. Pistoni ya kwanza na ya tatu kwa pamoja hutoa sauti iliyo juu kwa takriban senti 30, na zote tatu kwa zaidi ya senti 50. Tarumbeta nyingi zina pete kwenye bomba la tatu ili kidole kilisukume nje wakati wa noti hizo, na bomba hilo likiwa limekwama, kulilegeza peke yake kunaweza kuondoa nusu ya malalamiko. Kwenye yufoniamu na tuba, fundi wa Boosey aliyeitwa David James Blaikley alibuni mwaka 1874 mfumo unaopitisha hewa mara ya pili ndani ya pistoni ili ipate vijibomba vya nyongeza. Ala yenye mfumo huo hutambulika kwa vijibomba vifupi vya ziada nyuma ya pistoni, na vikiziba kwa uchafu, noti za chini huwa ngumu kutoka.

Uvujaji hugunduliwa bila kifaa chochote. Bomba la pistoni fulani livutwe nje taratibu pistoni ikiwa juu, lisitolewe kabisa, lisubiriwe kidogo, kisha pistoni ibonyezwe: mlio mfupi wa kufyatuka unaonyesha kwamba hewa imezuiwa vizuri, na kimya kinaonyesha kwamba inapita pembeni mwa pistoni iliyolika au kwenye kiungio kilichoachia. Kifuniko cha tundu la kutolea mate ndicho kinachochakaa kwanza. Kipande cha kizibo cha chupa au cha mpira laini wa soli ya ndara, kikikatwa kwa wembe na kubandikwa vizuri, hufanya kazi kwa muda mrefu. Pistoni nazo zina namba 1, 2 na 3, na zikirudishwa kwenye nyumba zisizo zao hewa hukwama. Vitambaa vya sufi iliyoshindiliwa vilivyo juu ya pistoni vikishaliwa, pistoni hushuka kupita kiasi, matundu yake hayalingani tena na ya mabomba, na noti huwa nzito na za chini. Unene wa kitambaa kipya upimwe kwa kuangalia ndani, kupitia bomba lililochomolewa, kama duara mbili zinakutana.

Kubonyea kuna tabia inayowachanganya wengi, kwani kibonyeo kimoja kinaweza kupandisha noti moja na kushusha nyingine, kutegemea kama kimekaa mahali ambapo mgandamizo wa hewa wa noti hiyo ni mkubwa au mahali ambapo hewa ndiyo inayokwenda kwa kasi. Kwenye domo pana athari yake ni ndogo; kwenye bomba jembamba linaloanzia kipulizio ni kubwa, na kazi ya kukinyoosha ni ya fundi mwenye vyuma vya kupitisha ndani.

Usafishaji ni wa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ndefu inayopinda, baada ya kutoa pistoni na vitambaa vyake. Jivu, mchanga na chuma cha kusugulia sufuria visiguse pistoni wala miguu ya mabomba, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni ndogo mno na ikishaongezeka hairudi. Bomba lililokwama lipakwe mafuta ya kupenya, liachwe usiku kucha, lizungushiwe mkanda wa kitambaa na kuvutwa kwa mshtuko mdogo. Plaizi itapinda kile ambacho kutu ilikikwamisha tu. Mafuta ya pistoni yanayouzwa kwa kazi hiyo ndiyo bora, yakikosekana matone machache ya mafuta ya cherehani yatasaidia kwa muda, na mafuta ya kupikia yasitumiwe kamwe kwa kuwa huganda na kunata. Kuhusu viungio vilivyoachia, chuma cha fundi redio hakina joto la kutosha kwa bomba pana, na fundi wa mageti ana joto la kutoboa. Lehemu laini kwa moto mdogo wa gesi, mkononi mwa mtu aliyewahi kuifanya kwenye shaba nyembamba, ndiyo inayofaa. Madoa mekundu yenye kitone cheusi katikati yakionekana kwenye bomba la kipulizio, zinki imekwisha kutoka ndani ya shaba, na bomba hilo libadilishwe, lisilehemiwe.

Ala inapolazimika kupelekwa kwa fundi mjini, iende na ile karatasi ya vipimo, kipulizio chake, vipande vyote vya ziada vilivyomo sandukuni, na maelezo ya hezi ambazo bendi imeamua kuzifuata. Fundi asiyeambiwa hezi atarekebisha kwa 440, na ala moja iliyorekebishwa hivyo itarudi Nyambureti ikiwa chini ya zile tano zilizobaki. Mafundi na wapigaji wa bendi za Polisi, Magereza na Jeshi hutunza ala za aina hii kila siku, na swali lililoandikwa vizuri kwao linaweza kuokoa nauli. Mabomba yakishakaa mahali pake sahihi, kila mguu uchorwe alama ndogo kwa penseli ya kuandikia juu ya chuma, ili atakayesafisha ala mwezi ujao ayarudishe pale pale.